Naomba ushauri: nilipie programu ya Blu-ray sasa au nisubiri?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Napiga video za harusi na Maulidi hapa Lamu, kisha natengeneza DVD zenye menyu na kuzichoma mwenyewe. Programu ninayotumia inaishia kwenye DVD. Toleo jipya linatengeneza Blu-ray pia, yaani diski za picha safi kuliko DVD, lakini bei yake inakaribia malipo ya harusi nzima.

Kinachonivuta ni ubora. Kamera yangu inarekodi picha ya nukta 1920 kwa 1080, ila nikishusha kwenye DVD inabaki 720 kwa 576. Nakshi za milango, kanga za kina mama, hata nyuso za wapiga matari walio nyuma, vyote vinafifia, na mimi huumia kuona hivyo. Halafu DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7 tu, Blu-ray GB 25.

Kinachonizuia ni yaliyoipata HD DVD, diski nyingine ya picha safi. Ilitoka 2006 ikigombania soko na Blu-ray, na Februari 2008 Toshiba, kampuni iliyoiongoza, ikaiacha. Waliokuwa wameshanunua deki zake wakabaki nazo. Hata hivyo naona watengenezaji wa programu wanafaa kuwahi miundo mipya, maana sisi mafundi tunahitaji muda wa kujifunza. Ila anayetaka DVD pekee asilazimishwe kulipia yote.

Wateja wangu wengi bado wana deki za DVD. Jamaa zao walioko Uarabuni ndio huulizia picha safi.

Mliotangulia, nisaidieni: mteja hukubali kulipia Blu-ray, au nimpe DVD pamoja na faili kwenye flashi? Na kichomeo cha nje cha USB kinahimili kazi ya kila wiki?