Narudi Unguja miezi mitatu, Shaabani mpaka Mfunguo Mosi: nipange vipi ziara, misiba na harusi?

Mtende

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mwakani inshaallah mimi, mke wangu na watoto wawili (miaka 7 na 10) tunakuja Unguja Mjini kutoka Uingereza. Tunafika mwanzoni mwa Shaabani, tunafunga Ramadhani huko huko, tunaondoka mwishoni mwa Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Safari zilizopita zilikuwa za wiki mbili mbili, kwa hiyo hii ni ya aina nyengine.

Nnaomba ushauri wa wanaojua: nyumba zipi nianze nazo, maana misiba mingi imepita sipo, zawadi gani zinafaa, harusi na nguo za Idd tujipange vipi, dawa za malaria zinakwendaje na saumu, na marafiki wa zamani wa barazani nikae nao vipi bila ya kuudhi mtu.

Kaskazi

Waaleykum salaam. Anayekuja wiki mbili ni mgeni, akikosa kufika pahala anasamehewa. Wewe wa miezi mitatu hutasamehewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wiki ya pili tu utaitwa kwenye khitma (kisomo cha kumwombea marehemu), utabeba jeneza, utawekwa kwenye kikao cha harusi kama mtu ambaye hajapata kuondoka mtaani. Panga siku na fedha zako kwa hesabu hiyo.

Kabla hujapanda ndege, mpigie yule anayejua habari za ukoo mzima, mara nyingi ni shangazi au mama mdogo, akutajie majina: kwanza waliofariki tangu ulipokuja mwisho, kisha wagonjwa, kisha wazee, kisha waliooana na waliozaa. Ukifika, zifuate nyumba kwa mpango huo huo. Misiba kwanza, hata ikiwa ya miaka miwili nyuma. Kinachoharibika kila mara ni kwamba mtu anaanza na marafiki wa skuli kwa sababu wao ndio wanaompigia simu, akaonekana sokoni Darajani siku ya nne akicheka nao, na mjomba aliyefiwa na mke hajapata hata pole. Jambo hilo hukumbukwa miaka.

Kuhani kwenyewe, yaani kutoa pole ya msiba, hakuna uzito. Nenda baada ya alasiri. Salimu, mpe pole mkubwa wa nyumba, soma Fatiha, kaa kimya kidogo. Habari za maradhi usizianze wewe. Wenyewe wakizifungua, sikiliza. Ubani, yaani fedha ya rambirambi, utie kwenye bahasha, umpe mkubwa wa nyumba mkononi wakati wa kuaga, si mbele za watu. Nusu saa inatosha. Ikiwa mjane yumo edani bado, yaani anakaa ndani baada ya kufiwa na mume (miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito), wewe usiye maharimu wake (ndugu asiyeweza kumuoa) humuoni. Pole yako itapelekwa na mwanawe au kaka yake, na mkeo ndiye atakayeingia ndani. Nyumba za namna hiyo nendeni wawili, la sivyo mtarudi mara ya pili.

Usipange zaidi ya nyumba tatu kwa siku. Kila moja itakutilia chai, na kuikataa nyumba ya nne kwa sababu umeshiba ni vibaya kuliko kutokwenda siku hiyo.

Msiba mpya ukitokea ukiwepo, ujue maziko hayangoji: aliyekufa asubuhi huzikwa adhuhuri au alasiri ya siku hiyo. Kanzu na kofia viwe tayari vimepigwa pasi tangu siku unayofika. Mtu husaliwa msikitini baada ya sala ya fardhi, kisha jeneza hubebwa kwa kupokezana. Shika hatua chache, mpishe mwengine, usiling'ang'anie. Makaburini, maiti akishawekwa kwenye mwanandani (nafasi ya ndani ya kaburi) na kuzibwa, tia konzi tatu za udongo, na usiondoke mpaka talakini (maneno anayosomewa maiti kaburini) na dua zimalizike. Matanga hukaa siku tatu. Ukikosa kuzika, usikose khitma.

Bi_Kisutu

Kaka Mtende, nitasema ya zawadi na nguo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapomaliza fedha bila kumfurahisha mtu.

Kwa kina mama, kanga haijapitwa na kitu. Nunua huku huku, usibebe vitambaa kutoka Uingereza. Kanga inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Mpe mtu doti nzima, usizigawe mbili kwa watu wawili. Na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, ulisome, tafadhali, kabla ya kulipa. Kuna kanga za dua na shukrani, na kuna za mipasho; rangi nzuri isikudanganye ukampelekea mama mkwe maneno ya kumsuta jirani. Anaweza kunyamaza mbele yako, lakini kanga ile haitavaliwa. Ukiwa na shaka, mpe mkeo achague akiwa na mwanamke wa mtaani. Mtu mzima ukimpelekea ishakatwa na kupindwa, umemwondoshea kazi.

Walio daraja moja wapewe kitu cha bei moja. Shangazi wawili, kanga zinazolingana. Hutaamini wanavyolinganisha.

Kwa wazee wanaume, msuli mzuri, kikoi, au kofia. Kofia ya viua ya kushonwa kwa mkono huchukua miezi, kwa hiyo mtu akuagizie sasa hivi, na vipimo vya vichwa upeleke kwa inchi. Kofia isiyomkaa mtu haina marekebisho.

Sasa nguo za Idd. Mafundi cherehani hufurika. Kitambaa kikabidhi ndani ya Shaabani, ukichelewa sana basi kumi la mwanzo la Ramadhani. Kuanzia kumi la kati mafundi wengi hawapokei kazi mpya, na anayekubali kumi la mwisho mara nyingi anakubali tu, nguo unaipata usiku wa kuamkia Idd bila ya vifungo. Watoto wapimwe wakifika, si kwa vipimo vya simu.

Harusi utakutana nazo mara mbili: Shaabani, maana Ramadhani watu hawaozi, na tena Mfunguo Mosi baada ya watu kumaliza kufunga sita, zile siku sita za sunna baada ya Idd. Mwanamume kazi yako ni nikaha, yaani kufunga ndoa: kanzu, kofia, ufike sala inayotangulia, halua na kahawa, dua, basi. Mkeo ndiye mwenye safari ndefu, kuna siku ya hina, siku ya kupamba, na kumwona bibi harusi. Kama kuna sare, alipe siku anayoambiwa, kwa sababu kitambaa hununuliwa kwa pamoja na jora likimalizika halipatikani tena rangi ile. Fedha na kanga za kumtunza (kumzawadia) bibi harusi huandikwa kwenye daftari, jina kwa jina. Mkeo aulize kwanza nyumba yenu ilitunzwa nini zamani na nyumba ile, arudishe kisichopungua hapo.

Na mwaliko ukisema usiku wa Ijumaa, ni Alkhamisi baada ya magharibi. Wanaoandika kwenye simu za kizungu hukosa harusi hivi hivi.

Mfamasia

Malaria Unguja imeshuka sana lakini haijaondoka, na ukivuka kwenda Dar es Salaam au Tanga hatari inapanda. Aliyekaa Ulaya miaka amepoteza kinga aliyokuwa nayo, na watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Wote wanne mnywe dawa ya kinga. Kwa miezi mitatu mna njia tatu.

Atovakoni na proguanili: kidonge kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla, mpaka siku 7 baada ya kuondoka. Lazima iingie na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo hainyonywi vizuri. Ramadhani inywe baada ya futari, kila siku wakati ule ule. Watoto hupewa kwa uzito wao. Ni ghali kwa muda mrefu.

Doksisaiklini: kila siku, siku 1 au 2 kabla, mpaka wiki 4 baada. Hii ni rahisi kwa bei lakini Uingereza hawampi mtoto aliye chini ya miaka 12, kwa hiyo ni ya wakubwa tu, na si ya mjamzito. Kosa la Ramadhani ni kuinywa daku kisha kulala: kidonge kinakwama kwenye umio na kuuchoma. Inywe futari, kwa gilasi kamili ya maji, na ukae wima nusu saa. Usiifuatishe na maziwa. Pia ngozi huungua jua upesi, na msimu wa kaskazi jua ni kali.

Meflokwini: mara moja kwa wiki, kuanzia wiki 2 au 3 kabla, mpaka wiki 4 baada. Kwa saumu ndiyo nyepesi, lakini haipewi mwenye kifafa au aliyewahi kuwa na maradhi ya akili au sonona.

Klorokwini aliyokuwa akiijua babu haifai kitu tena huku. Dawa zote zinunueni Uingereza kabla ya safari, za muda wote. Lakini msiache chandarua kwa sababu mna vidonge. Homa yoyote, pimeni siku hiyo hiyo, msingoje kuona kama itashuka. Na mkisharudi, kwa mwaka mzima mtu akipata homa amwambie daktari wa huko kwamba alikuwa Zanzibar.

Homa ya manjano: ukitoka Uingereza moja kwa moja huulizwi kadi ya chanjo, lakini ukisubiri ndege zaidi ya saa 12 Nairobi au Addis Ababa utaulizwa. Angalia tiketi yako. Mwenye kisukari asibadilishe saa za dawa mwenyewe, aonane na daktari wiki sita kabla ya mwezi kuandama.

Kahawa_Chungu

Barazani sasa. Ukifika, toa salamu kwa wote kwa pamoja, kisha mpe mkono mmoja mmoja kuanzia mzee. Kaa pembeni mpaka uitwe karibu. Siku za mwanzo sikiliza zaidi ya kusema, na usilinganishe kila kitu na Uingereza. Kununua kahawa ya baraza nzima na kashata ni vizuri sana, siku ya kwanza na mara moja moja baadaye. Ukinunua kila siku, wenzio wenye uwezo mdogo wataona haya kukaa nawe, na rafiki wa kweli ndiye wa kwanza kujitenga.

Baraza nyingi zina rangi ya siasa. Unapokaa ndipo unapohesabiwa. Kama hutaki kuhesabiwa, zungukia zaidi ya moja tangu mwanzo, na mada za chama ziachie wenyewe.

Mikopo: utaombwa, na wanaoomba wengi wana shida ya kweli. Gawa fedha zako mafungu matatu kabla hujafika: la kuishi, la misiba na harusi, la kusaidia. Fungu la tatu likiisha, limeisha. Mwambie mtu hivyo kwa upole na siku hiyo hiyo. Ahadi ya "nitaona" ndiyo inayovunja urafiki, kwa sababu mwenzako anaipanga kama fedha iliyopo. Anayetaka ada ya skuli, lipa skuli wewe mwenyewe upate risiti.

Jambo jengine: ukiwa umeweka noti za zamani nyumbani, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, na mia tano ya karatasi ya 2010, hazitumiki tena tangu Aprili 2025. Badili fedha za sasa, na weka noti za 1,000 na 2,000 nyingi kwa mikono ya Idd, yaani fedha wanazopewa watoto. Watoto wa mtaa mzima watapita.

Mtende

Allah awalipe. Mawili yamebaki. Tunapoalikwa futari tufanye nini, na tiketi ya kurudi niikate lini? Nilitaka siku ya kumi ya Mfunguo Mosi.

Bi_Kisutu

Futari fikeni robo saa kabla ya adhana, si baada yake. Tende na maji kwanza, kisha magharibi, ndipo mezani. Jirani akikuletea sahani, isirudi tupu. Hata sambusa tatu zinatosha. Watoto wale kwa mkono wa kulia na wajue shikamoo, hayo mawili yanasamehe mengine yote. Mchana wa Ramadhani watoto wadogo wale ndani, wasitembee njiani na biskuti mkononi.

Kaskazi

Siku ya kumi ni mapema. Idd haijulikani mpaka usiku wa mwezi 29, na nyumba nyengine hufuata mwezi wa nchi nyengine, kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kusali Idd siku mbili tofauti. Kisha wengi watafunga sita, na karamu za mchana hazifai siku hizo. Harusi zinaanza hapo ulipotaka kuondoka. Kata tiketi kuanzia tarehe ishirini na tano ya Mfunguo Mosi, inayoweza kubadilishwa. Masika yakiwa yameshaanza, boti ya kwenda Dar huweza kuahirishwa kwa bahari chafu, kwa hiyo kama ndege yako inatokea huko, vuka siku mbili kabla.

Wiki ya mwisho ni ya kuaga, na kuaga kunafuata mpango wa kuhani: waliofiwa na wagonjwa kwanza, wazee baada yao, barazani jioni ya mwisho. Usiage kwa simu nyumba uliyoifikia kwa miguu.