Tupeane uzoefu: nani anachora picha ndani ya mashine pepe yako?

Habari za jioni wakuu. Waliowahi kuhangaika na grafiki za mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) waje tupeane uzoefu. Naanza na langu.

Nipo Sinza, nachora ramani za mitaa kwa programu ya QGIS. Laptopu yangu ni ya Windows, Ubuntu (aina ya Linux) nimeiweka ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe. Nikisogeza ramani inakwama, feni inavuma mpaka jirani anasikia. Nikashuka Kariakoo, nikaongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16. Hali ileile! Hela ile niliiweka kwa ajili ya kodi ya chumba, iliniuma sana.

Jamaa mmoja akaniambia niweke mesa-utils ndani ya Ubuntu, halafu niandike amri ya kuonyesha nani anachora: glxinfo | grep renderer. Likaja jibu: llvmpipe. Yaani prosesa ndiyo inachora kila kitu, kadi ya grafiki imekaa tu. Nikaizima mashine kabisa, maana ukiihifadhi ikiwa inaendelea, mipangilio ya grafiki inafifia na haibonyezeki. Nikachagua VMSVGA (aina ya kadi ya grafiki ya kuigiza), kumbukumbu ya video MB 128, nikaweka tiki kwenye 3D. Kuwasha tena, jibu likawa SVGA3D, yaani sasa kadi ya grafiki ndiyo inachora. Ramani ikateleza. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia kwanza nani anachora.

Mdau wa Mbagala:
Asante mkuu. Mimi 3D niliwasha na bado ilikuwa nzito. Angalieni chini kulia kwenye dirisha la VirtualBox: mkiona kobe wa kijani, Hyper-V (mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe) imeshika prosesa. Niliandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off nikiwa msimamizi, nikawasha kompyuta upya, kobe akaondoka. Ila WSL2 (Linux ya ndani ya Windows) nayo ikagoma, maana inategemea Hyper-V, na mimi naihitaji kazini, kwa hiyo huwa narudisha auto badala ya off.

Mdau wa Kijitonyama:
Mimi nahariri video za harusi, nikataka kadi ya grafiki yenyewe iingie ndani ya mashine pepe ya Windows kupitia KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux. VT-d (uwezo wa kukabidhi kifaa kwa mashine pepe) nikawasha kwenye bayosi, intel_iommu=on nikaiandika kwenye GRUB, programu inayowasha Linux. Nilipoikabidhi kadi, skrini ikawa nyeusi tii. Usiku mzima nafuta na kuweka upya, nikidhani nimeua kadi. Kumbe prosesa yangu ni i5-10400F. Hiyo F mwishoni maana yake haina grafiki ya ndani, na kadi nilikuwa nayo moja tu. Linux ikabaki haina pa kuonyesha picha. Nilitafuta kadi ndogo ya mtumba kwa ajili ya Linux, mambo yakakaa sawa.

Mwanzisha mada:
Pole sana mkuu. Na sehemu ya sauti ya HDMI ya kadi uliikabidhi pia?

Mdau wa Kijitonyama:
Ndiyo. Zote mbili zilikuwa kundi moja la IOMMU, yaani vifaa ambavyo havitenganishwi. Nilipopeleka kadi peke yake mashine ilikataa kuwaka, nikazipeleka pamoja ikawaka mara ya kwanza.