Nacheza gemu la kale la mapango peke yangu, nashindwa kuwa refa na mchezaji kwa wakati mmoja. Mnafanyaje?

Kandili:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimekwama na sina mtu wa karibu anayecheza haya mambo.

Kuna gemu moja nimelishusha, la kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu, refa anaamua yaliyomo pangoni na mchezaji anaamua mtu wake afanye nini, ni kijitabu cha kurasa 40 na kitu, jina lake hata nikilitaja hakuna atakayelijua, mtu mmoja kaliandika kwa mapenzi yake tu akaliachia bure, michoro kachora mwenyewe kwa kalamu. Ni la ule mtindo wa zamani kabisa, kuna mpiganaji, kasisi, mchawi na mwizi, mnashuka chini ya magofu kutafuta dhahabu na ukifa umekufa. Nimelipenda mno, nimelisoma mara 3 mwanzo mwisho.

Sasa tatizo ni kwamba nacheza mwenyewe. Juzi mwizi wangu kafika mbele ya mlango, ana pointi 3 za uhai zimebaki, nikarusha dadu asikilize kama kuna kitu ndani, ikaja vibaya. Nikasema hiyo dadu imegonga kitabu haikuzunguka, nikarusha tena. Halafu nikaamua mwenyewe kwamba ndani kuna mifupa inayotembea 2 tu, kwa sababu nilijua 5 ingemuua. Nikashinda, nikapata dhahabu, na nilipofunga daftari nikajisikia vibaya kweli, utamu wote umeisha, ni kama nimejisimulia mwenyewe hadithi ambayo mwisho wake nilishaujua.

Pia kitabu chenyewe kina mapengo, mfano hakisemi popote mazimwi yanakimbia lini, yaani yanapigana mpaka la mwisho? Wenye uzoefu nisaidieni.

dadu_mbili:
Karibu sana mkuu. Hicho cha mlango wengi wetu tumekipitia, na ukiangalia vizuri utaona uliharibikiwa kabla ya kurusha mara ya pili, ulirusha hukumu ikiwa bado haijatoka. Ukiwa refa mwenyewe hukumu lazima itangulie dadu. Mimi nina daftari, naandika swali kwa peni, "je humo ndani kuna aliye macho?", pembeni naandika "1 hadi 4 ndiyo", ndipo narusha dadu ya pande 6. Kwa nini 4? Kwa sababu ni pango la goblini, vile vizimwi vidogo, na nimeshasikia kelele zao, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa. Kingekuwa chumba kilichoanguka miaka mingi ningeandika 1 tu. Ikishaandikwa haifutwi. Ni kama ramli, mpiga ramli hachagui mbao ziangukeje, kazi yake ni kusoma zilivyoanguka.

La pili, na hili watu wengi wanalipita haraka sana, haya magemu ya kale yana refa ndani yake tayari ila yuko kwenye zile sheria za kuchosha unazoziruka. Muda, mwanga, mazimwi ya kupita, mapokezi, moyo wa kupigana. Zamu moja ya kutembea ni dakika 10. Mwenge mmoja unawaka zamu 6, taa ya mafuta zamu 24 kwa chupa moja. Kila zamu 2 unarusha dadu ya pande 6, ikija 1 kuna kitu kinakuja upande wenu. Maana yake kwa kila mwenge mmoja unaouchoma unarusha mara 3, na uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja ni kama asilimia 42. Hapo hakuna anayekuonea wala kukupendelea. Weka tu alama kwenye karatasi kila zamu, utaona tumbo linavyokaza alama ya 5 ikifika na bado mko ndani.

Halafu kitu kikija USIANZE KUPIGANA. Rusha dadu 2 za pande 6 ujue wamewapokeaje. 2 wanashambulia hapo hapo, 3 hadi 5 wana uadui, 6 hadi 8 hawajaamua, 9 hadi 11 hawataki vita, 12 ni marafiki. Hesabu mwenyewe, kushambuliwa papo hapo ni mara 1 kati ya 36, na ukijumlisha na wale wenye uadui wote ni 10 kati ya 36. Wachezaji wa peke yao wanakufa sana kwa sababu kila kinachotokea gizani wao wanachomoa upanga.

Nikupe mfano wa kwangu wa wiki iliyopita. Kikosi cha watu 4, mwenge wa mwisho una alama 4, wanafukua sanduku lililozikwa chini ya sakafu. Narusha, 1. Jedwali linasema goblini 6. Dadu za mapokezi 4 na 5, jumla 9, hawataki vita. Nikakaa kidogo, goblini 6 wamewakuta watu 4 wamechoka na bado hawataki vita, sasa wanataka nini? Nikaandika 1 hadi 3 wanataka mwanga wetu, 4 na 5 wanataka kujua tunafukua nini, 6 wanakimbia kitu. Ikaja 6. Aisee nywele zilisimama, maana hicho kitu sikujua ni nini na mwenge umebakiza dakika 20. Tuliliacha sanduku limefunuliwa nusu tukakimbia na goblini bega kwa bega kwenye ngazi. Hiyo hadithi nisingeitunga hata nikipewa mwezi mzima, na sanduku bado liko kule chini.

MchoraRamani:
Naongezea kwenye mapengo ya kitabu. Haya magemu ya mashabiki karibu yote ni watoto wa baba mmoja, Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ya Gary Gygax na Dave Arneson na matoleo yaliyofuata. Mwaka 2000 ilipotoka leseni ya wazi, ya kuruhusu wengine kutumia sheria za gemu hilo, watu wakapata njia ya kuandika upya zile sheria za kale kihalali, OSRIC ikatoka 2006, Labyrinth Lord 2007, baada ya hapo kila mwenye kalamu akaandika la kwake. Kwa hiyo kijitabu chako kikinyamaza unaazima tu kwa ndugu zake, vinaingiliana bila shida. Angalizo moja ni namba ya ulinzi, kwenye vitabu vya kale inashuka, asiye na vazi la vita ana 9 na mwenye vazi zito ana namba ndogo, wakati magemu mengi mapya inapanda. Ukikuta ulinzi 5 wa kushuka na lako ni la kupanda lenye 10 kwa asiye na vazi, toa kwenye 19, unapata 14.

Mazimwi kukimbia hivi hapa. Kila zimwi lina namba ya moyo kati ya 2 na 12. Wa kwanza wao akifa unarusha dadu 2 za pande 6, na nusu yao wakiwa chini unarusha tena, ukizidi ile namba wanakimbia au wanasalimu amri. Goblini wana 7, kwa hiyo kila ukirusha wana kama asilimia 42 ya kukata tamaa. Mifupa inayotembea ina 12, haikimbii kamwe, na ndiyo maana inatisha kuliko ukubwa wake.

Kuhusu vyumba, usivichague wewe. Toleo la mwaka 1981 alilolihariri Tom Moldvay lina jedwali dogo la dadu ya pande 6 kwa kila chumba: 1 na 2 zimwi, 3 mtego, 4 kitu cha ajabu, 5 na 6 patupu. Unarusha nyingine ya hazina, penye zimwi ipo kwa 1 hadi 3, penye mtego 1 na 2, patupu 1 peke yake. Mimi narusha mlango unapofunguka, siyo kabla, na nachora ramani hapo hapo kwenye karatasi ya miraba. Na usidhani kucheza peke yako ni kitu cha juzi, Gygax mwenyewe alichapisha majedwali ya pango la mchezaji mmoja mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya gemu kutoka. Kwa hiyo unachofanya kina umri karibu sawa na gemu lenyewe.

Zumaridi:
Dada mmoja hapa, mimi sikubaliani na kitu kimoja. Mnamwambia afuate dadu, sawa, lakini ana mwizi mmoja mwenye pointi 3 za uhai! Hizi sheria ziliandikwa kwa kikosi, mtu mmoja wa levo ya kwanza akiingia mwenyewe anakufa chumba cha pili hata acheze kwa akili namna gani, na ndiyo maana Kandili alishawishika kurusha mara ya pili, alimpenda mtu wake. Njia ni 2. Chukua watu 4 na uwakodishie mbeba mwenge, au kama unataka shujaa mmoja tu badilisha hesabu ya kuumia.

Ninayotumia mimi ni ya Kevin Crawford, ipo kwenye gemu lake la shujaa mmoja, Scarlet Heroes ya mwaka 2014. Dadu ya kuumiza huisomi kama ilivyo. 1 hakuna kitu, 2 hadi 5 ni pointi 1, 6 hadi 9 ni pointi 2, 10 na kuendelea ni 4. Shujaa wako anapunguziwa pointi zake za uhai kama kawaida, ila maadui wanapunguziwa levo nzima kwa kila pointi. Yaani goblini wa kawaida akipigwa pointi 1 kaondoka, na wewe ukipigwa rungu la 6 unapoteza 2 tu. Shujaa mmoja anasimama kama kikosi na hujagusa sheria nyingine yoyote ya kitabu chako. Mimi nina kasisi wangu nimemchezea hivyo mpaka levo ya 5, na kaponea chupuchupu mara nyingi tu, usifikiri ni mteremko.

dadu_mbili:
Zumaridi umenena, hapo nimekuelewa. Mimi bado ni mtu wa kikosi ila kwa anayempenda mhusika mmoja hiyo ndiyo dawa. Naongeza kimoja tu, Kandili angalia gemu lako linatoaje pointi za uzoefu. Kwenye yale ya mtindo wa 1981 goblini mmoja anakupa 5, na sarafu 1 ya dhahabu ukiitoa nje inakupa 1. Mpiganaji anahitaji 2000 kupanda levo ya 2. Hao ni goblini 400 mkuu! Au mfuko mmoja mzito wa dhahabu ulioibwa mwenye nyumba amelala. Ukilijua hilo unaanza kucheza kama mwizi, unasikiliza milango, unahonga, unazunguka kwa nyuma.

Kandili:
Wakuu na dada Zumaridi asanteni sana. Nimerudi baada ya siku 2 kutoa mrejesho.

Nilirudi kwenye mlango ule ule. Nimefuta ule ushindi wangu wa uongo, dhahabu nimeirudisha, nikaanza pale alipokuwa amesimama na pointi zake 3, nikachukua hesabu ya kuumia ya Zumaridi. Nikaandika swali kwanza, "mlango umefungwa kwa ndani? 1 hadi 3 ndiyo". Ikaja 2. Nikarusha jedwali la chumba, zimwi. Mifupa tena, safari hii 4, na nimeshaambiwa haikimbii. Nilikaa naangalia ile karatasi, mkono unataka kufuta kabisa. Sikufuta. Mwizi kafungua kitasa, kaona, kaufunga mlango taratibu, akachomeka msumari wa chuma chini, akaondoka. Sijapata hata sarafu 1 na nimefurahi kuliko mara zote nilizowahi kushinda.

Swali moja limebaki. Nikiuliza ramli mambo mengi sana mchezo unakwenda polepole mno, chumba kimoja kinachukua saa nzima. Kuna kipimo?

MchoraRamani:
Safi sana, na huo msumari usiusahau kwenye ramani, andika uko mlango upi. Kuhusu ramli mimi naiuliza pale tu ambapo majibu yote 2 yananipa kitu cha kufanya. Kama hapana ingemaanisha nakaa tu nisiwe na pa kwenda, siulizi, nachukua ndiyo naendelea. Na rangi ya pazia, harufu, nani alijenga, hivyo amua mwenyewe bila dadu, havimwonei mtu.

Zumaridi:
Na usiulize jambo moja mara 2. Jibu likishatoka liko kwenye daftari, hata kama linauma.

Haya sasa tuambie, hiyo mifupa 4 ilikuwa inalinda nini?

Kandili:
Nimeandika sasa hivi, "1 na 2 kaburi, 3 hadi 5 ngazi za kushuka chini zaidi, 6 kuna mtu kafungwa humo yuko hai". Narusha.

6.