Sindano ya jicho ilisaidia, mbona uvimbe umerudi?

Kliniki_Pwani: Habari za kazi, wakuu. Mgonjwa wa miaka 61, ana presha. Tawi la juu la vena ya retina limeziba, haoni vizuri upande wa chini. Sindano moja ya bevacizumab ilishusha unene wa makyula (sehemu ya kati ya retina) kutoka mikromita 540 hadi 290. Wiki ya saba umefika 480. Mshipa umeziba tena?

Tabibu_Macho: Haukuzibuka hata mara ya kwanza. Ateri na vena zikipishana hufungwa na ganda moja. Ateri iliyokakamaa kwa presha huikandamiza vena, damu ikaganda hapo. Nyuma ya kizuizi maji na damu huvuja, na retina iliyokosa oksijeni hutoa protini ya VEGF inayozidi kulegeza kuta za mishipa. Sindano hunasa VEGF tu, haiyeyushi donge. Nguvu yake ikiisha, uvimbe unarudi, mpaka damu ijipatie njia za pembeni, na hiyo ni kazi ya miezi. Wiki saba ni mbali mno mwanzoni. Mpe miligramu 1.25 (mililita 0.05) kila mwezi hadi makyula ikauke, ndipo uongeze nafasi kwa wiki mbili mbili huku ukirudia OCT (picha inayopima unene wa retina).

Mzee_wa_Retina: Naunga mkono. Ila presha yake leo ni ngapi? Pima na sukari, lehemu na presha ya jicho, maana glakoma nayo ni chanzo. Aspirini isiandikwe kwa matumaini ya kuzibua vena, haizibui. Sindano zikigoma kuna kipandikizi cha ndani ya jicho cha deksamethasoni (steroidi) cha miligramu 0.7, lakini presha ya jicho hupanda, hasa karibu na mwezi wa pili, na mtoto wa jicho huja mapema.

Kliniki_Pwani: Shukrani, mzee. Ingekuwa vena kuu ya retina ndiyo imeziba?

Mzee_wa_Retina: Hapo ogopa zaidi. Kila hudhurio kagua iris (duara la rangi la jicho) *kabla* ya matone ya kupanua mboni. Ukipanua kwanza, vimishipa vipya vya ukingoni mwa mboni hutaviona. Vikiachwa huziba njia ya maji ya jicho, na glakoma yake huja kama miezi mitatu baadaye. Vikionekana, leza ya retina nzima isisubiri.

Tabibu_Macho: Na mwambie mgonjwa: maumivu yanayozidi, wekundu na kuona kufifia siku chache baada ya sindano ni maambukizi ndani ya jicho mpaka ithibitike vinginevyo. Arudi siku hiyo hiyo, asipitie duka la dawa kununua matone.