Mwanangu hataki kuingia ndani tangu lile tetemeko, naombeni ushauri

MamaWawili (Bukoba): Wakuu, habari zenu. Niko Hamugembe. Mnajua yaliyotupata Jumamosi ile ya Septemba 10, 2016. Mwanangu wa miaka sita alikuwa sebuleni. Ukuta wa chumba cha bibi yake ukaanguka, bibi akafariki. Tangu siku ile mtoto hakanyagi ndani. Lori likipita anatoka mbio huku analia, na ameanza kukojoa kitandani. Tunalala chini ya turubai, lakini mvua zimeanza na mdogo wake anakohoa. Shemeji anasema tumwingize kwa nguvu, atazoea. Halafu ndugu wamemwambia bibi amesafiri, na kila jioni ananiuliza atarudi lini. Nifanyeje?

NesiMstaafu: Pole sana dada, na pole kwa msiba. Kukojoa na kushtuka hutokea sana kwa watoto baada ya jambo zito, kwa hiyo asichapwe wala kuaibishwa. Wengi hutulia polepole wakiwa na mtu mzima wanayemwamini. Ila kuhusu bibi, mwambie kweli kwa maneno machache: amekufa, hatarudi, na si kosa lake. Mtoto aliyeambiwa "amesafiri" atangoja, na siku ukienda sokoni ataogopa kuwa nawe hurudi. Picha za vifusi kwenye simu asizione.

FundiMwashi: Mimi nauliza kwanza, nyumba imekaguliwa? Kama ina nyufa za mshazari au kona zimeachana, mtoto ana haki ya kuogopa. Kupiga lipu juu ya ufa si kurekebisha. Hata Ihungo na Nyakato zilifungwa, na yale ni majengo ya shule.

MamaWawili: Mhandisi alipita. Sebule na chumba kimoja ni salama, upande wa bibi ubomolewe.

Omwami: Namuunga mkono shemeji. Mtoto wa kiume akidekezwa hivi atakuwa mwoga.

MwalimuMissenyi: Hapana kaka. Nina wanafunzi walioingizwa kwa nguvu, usiku wakawa wanatoroka. Dada, anza mchana. Leo mle chakula kibarazani, akizoea mhamie sebuleni mlango ukiwa wazi, yeye akae karibu nao. Usiku wa kwanza lala naye. Mwonyeshe pa kujikinga: chini ya meza imara, akiishika mguu mpaka mtikisiko uishe. Shuleni tunalifanya kama mchezo, na kujua la kufanya kumewapunguzia hofu wengi. Akiuliza kama litarudi, usimwapie kwamba halitarudi. Hakuna awezaye kutabiri siku, na zile jumbe za WhatsApp zenye tarehe na saa ni uongo mtupu. Na shule arudi, hata kama ni kusomea chini ya mti, maana wenzake wako huko.

NesiMstaafu: Akikataa kula, kucheza au kusema, au hofu isipopungua, mpeleke hospitali ya mkoa. Usingoje.

MamaWawili: Mungu awabariki. Upande wa bibi unabomolewa wiki ijayo. Awepo au nimpeleke kwa shangazi yake?

NesiMstaafu: Mweleze kwanza, kisha achague mwenyewe. Akitaka kuwepo, akae mbali na vumbi, mkono wake uwe mkononi mwako.

MamaWawili: Sawa. Habari ya bibi nitamwambia kesho asubuhi, baba yake akiwepo. Shemeji nimemsomea majibu yenu, amekubali tusubiri.