Jarida la wanafunzi, kituo cha uandishi au kongamano: nichague kipi muhula ujao?

MwakaWaTatu:
Wakuu, habari za kazi. Idara yetu ya Kiingereza imebandika matangazo matatu kwa mpigo: uhariri msaidizi wa jarida la fasihi la wanafunzi, ukufunzi rika (mwanafunzi kumsaidia mwenzake na insha) katika kituo cha uandishi, na mwito wa ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mada, za kongamano la wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ratiba inaniruhusu saa sita kwa wiki. Lengo ni kuomba uzamili, na nikikosa nafasi, kazi ya uhariri. Kipi kina uzito zaidi? Natanguliza shukrani.

KalamuNyekundu:
Kwa kazi ya uhariri, jarida halina mpinzani. Ila jua kwamba nusu ya muhula hutasahihisha chochote: utakuwa unasoma kazi zilizotumwa na kuzipigia kura. Jarida makini huondoa jina, hupa kila kazi namba, na wasomaji wawili hutoa alama na sababu kabla ya kuona za mwenzao. Wakipishana sana, anaongezwa wa tatu. Hapo ndipo mambo huharibika: jina limefutwa ukurasa wa kwanza lakini limebaki kwenye jina la faili, kwenye kijajuu (maandishi ya juu ya kila ukurasa), au kwenye sifa za hati, yaani taarifa zilizofichika ndani ya faili, ambako programu ya Word huliweka bila kuulizwa. Kubadilisha faili kuwa PDF si dawa ya uhakika. Safisha sifa za hati kwanza.

Kazi ikishapita, hariri maudhui, kisha lugha, kisha usome prufu, nakala ya mwisho kabla ya kuchapa, baada ya kurasa kupangwa. Ukianza na koma utapoteza jioni nzima kwenye aya ambayo mwandishi ataifuta. Mashairi ndiyo yanayotesa. Mstari usiotoshea upana wa ukurasa lazima uendelezwe chini ukiwa umeingizwa ndani. Mpangaji akiuacha sawa na ukingo, msomaji atauhesabu kuwa mstari mpya na umbo la shairi limevunjika. Vilevile ubeti ukiishia chini kabisa ya ukurasa, hakuna ajuaye kama kuna nafasi kabla ya mstari unaofuata. Kagua hizo mbili kwa kuweka hati asilia pembeni, si kwa kumbukumbu.

MezaYaPili:
Naheshimu hoja ya KalamuNyekundu, lakini kwa uzamili mimi naweka kituo cha uandishi mbele. Baadhi ya programu huwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kufundisha madarasa ya uandishi ya mwaka wa kwanza, na aliyekwisha kukaa na waandishi meza moja ana cha kueleza kwenye maombi. Pia msimamizi wa kituo hukuona ukifanya kazi, kwa hiyo barua yake ya mapendekezo huwa na mifano.

Kikao cha dakika 45 kigawe hivi: dakika tano za mwanzo ni swali la mhadhiri, tarehe ya kukusanya na anachotaka mwandishi mwenyewe. Kisha asome rasimu kwa sauti; sentensi iliyopinda ataisikia kabla hujasema neno. Fuata hoja, mpangilio na ushahidi, halafu ndipo sarufi, tena aina moja au mbili za makosa yanayojirudia. Kwa mfano, kitenzi kukosa kupatana na kiima kwa sababu maneno kumi yameingia katikati. Onyesha kosa moja, la pili alitafute mwenyewe. Kalamu ikae mkononi mwake muda wote. Mkufunzi akiishika, insha itapona leo na makosa yaleyale yatarudi wiki ijayo.

Ikisiri300:
Ndugu, mnamlinganishia vitu visivyo vya aina moja. Kongamano halili saa sita kila wiki. Linakula siku chache za ikisiri na wiki mbili hivi za maandalizi. Chukua insha uliyokwisha kupewa alama nzuri. Ikisiri ya maneno 250 hadi 300 itaje matini na tatizo, wasomi wamelionaje, unadai nini na ushahidi uko wapi. Zinazokataliwa sana ni zile za "nitachunguza dhima ya..." zisizo na dai lolote.

Ukikubaliwa, wasilisho la dakika 20 ni kama maneno 2,400, la dakika 15 ni 1,800. Insha ya maneno 5,000 haisomwi kwa kukimbia, inakatwa: bakiza dai moja na vifungu viwili vya matini, na vichapishe kwenye karatasi ya kugawa ili wasikilizaji wavifuate kwa macho. Toleo refu litunze, kwani programu nyingi za uzamili huomba sampuli ya maandishi ya kitaaluma.

Tahadhari: kongamano linalopokea fani zote kuanzia fasihi hadi uhandisi, linalokubali ikisiri ndani ya siku moja na kudai ada papo hapo, liache.

MwakaWaTatu:
Kumbe naweza kuunganisha. Je, nikichagua jarida, naruhusiwa kutuma hadithi zangu humo humo?

KalamuNyekundu:
Usitume. Hata kanuni zikiruhusu, wenzako watatambua mtindo wako na kule kuficha majina hakutakuwa na maana. Tuma kwingine, na usome masharti kabla: je, wanakubali kazi iliyotumwa pia kwa jarida jingine, na haki zinarudi kwako baada ya kuchapishwa? Wakikubali utumaji wa sambamba, siku unapokubaliwa mahali pamoja waandikie wengine wote uiondoe kazi.

Kwa saa ulizotaja, nakubaliana na Ikisiri300: kongamano pamoja na kimojawapo. Mimi bado ningesema jarida.

MezaYaPili:
Mimi kituo. Ila kabla ya kujaza fomu, muulize mratibu kama mafunzo ya wakufunzi yanahesabiwa ndani ya hizo saa sita, na kama zamu za wiki za kukusanya insha zinaongezeka. Zikiongezeka, angalia zisigongane na tarehe ya kongamano.

Ikisiri300:
Na barua ya mapendekezo iombe wiki nne kabla ya siku ya mwisho, ukiambatisha ikisiri, insha yenye maoni ya mhadhiri na tangazo lenyewe.