Naomba ushauri: kukodi basi dogo pamoja na dereva mwenyeji

Wakuu, habari zenu. Tuko watu 22, tunakwenda kwenye harusi ya mwenzetu katika mji ambao hakuna kati yetu anayeujua vizuri. Nimependekeza tukodi basi dogo na dereva wa huko huko, maana mwenyeji anajua njia za mkato na pa kuegesha. Kinachonitatiza ni malipo. Mwenye gari ametaja bei ya siku nzima, lakini nikimuuliza kuhusu mafuta na saa za kusubiri usiku, anajibu "tutaelewana tu". Hiyo tutaelewana ndiyo naiogopa! Mliowahi kukodi, mliandikishana? Na nitajuaje kama bima yake inawahusu abiria wa kukodi? Halafu viti ni 25 tu, mizigo sijui tutaiweka wapi.